Makala ya Msomi na Maji ya Todonyang

Siku hizi msomi akitajwa mbele ya wasomi wenzake, swali la kwanza si amegundua nini wala amemfaa nani. Huulizwa amechapisha makala ngapi, na makala hizo zimenukuliwa mara ngapi. Hesabu hii imetoka katika ofisi za wakuu wa vitivo ikaingia madarasani, hata mwanafunzi wa shahada ya uzamili ambaye hajamaliza sura ya kwanza ya tasnifu yake anajua kuisoma kama mchuuzi anavyosoma mizani. Mimi sina ugomvi na mizani. Ugomvi wangu ni na mtu anayepimia maziwa kwa mizani ya makaa kisha akatangaza kwamba maziwa hayana thamani.

Leo ningependa tuitazame hesabu hiyo tukiwa Todonyang, kijiji kilicho mpakani kabisa na Ethiopia, kwenye ufuo wa magharibi wa Ziwa Turkana. Yamkini msomaji atauliza Todonyang ina uhusiano gani na majarida ya kitaalamu. Magazeti yetu huitaja damu inapomwagika tu, kama ilivyokuwa Mei 2011 na tena Februari 2025. Hata hivyo, wakazi wake wana tatizo ambalo elimu ya maada inalifahamu vizuri sana, na hapo ndipo mizani ya wasomi inapojaribiwa.

Kwanza tuelewane juu ya mizani yenyewe. Mwaka 1964 Mmarekani Eugene Garfield alianza kuchapisha faharasa kubwa iliyoonyesha ni makala gani zimetaja makala gani. Wazo hilo alikuwa amelieleza tangu 1955, na shabaha yake ilikuwa kumsaidia mtafiti kufuata nyayo za fikra moja kutoka kwa mwandishi mmoja hadi mwingine. Ilikuwa zana ya maktaba. Baadaye watu waligundua kwamba nyayo zinaweza kuhesabiwa, na kwamba zikihesabiwa zinaweza kutumiwa kugawa vyeo na fedha. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, alipendekeza kipimo kiitwacho h. Msomi mwenye h ya 20 ni yule mwenye makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20. Namba moja tu, rahisi kukumbukwa na rahisi zaidi kubandikwa juu ya jina la mtu.

Sitaki nieleweke vibaya. Wapo wanaoichukia namba hii kwa sababu yao ni ndogo, na hao siwatetei. Sisi tunaokumbuka vyuo vikuu vya umma vya Kenya katika miaka ambayo Rais wa Jamhuri ndiye aliyekuwa mkuu wa kila kimoja, tunajua kwamba kulikuwa na njia nyingine za kupanda ngazi, na baadhi yake hazikupitia maabara wala maktaba. Namba ina fadhila moja: haijui kabila la mtu wala haimsalimii mkubwa kwa kuinama. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilipotoa mwongozo wake wa pamoja wa kuajiri na kupandisha vyeo mwaka 2014, ikaweka pointi kwa machapisho, ilikuwa inatafuta haki ya namna hiyo. Anayependekeza turudi kwenye upendeleo wa zamani kwa kisingizio cha utu hana hoja.

Lakini namba hupima kile inachopima. Kunukuliwa maana yake ni kutajwa na mwandishi mwingine wa makala. Basi idadi ya kunukuliwa hutegemea kwanza ukubwa wa umati wa waandishi wa jambo hilo. Elimu ya maada, yaani elimu inayochunguza jinsi chuma, kioo, udongo, saruji au mfupa ulivyoundwa na jinsi unavyoweza kuundwa upya kwa kazi fulani, ni mfano mzuri. Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Manchester walichapisha pamoja na wenzao makala juu ya grafini, utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja. Maelfu kwa maelfu ya watafiti wakaifuata, makala hiyo ikanukuliwa mara makumi ya maelfu, na wawili hao wakapewa tuzo ya Nobel mwaka 2010. Walistahili. Sasa mchukue mtafiti mwenye akili sawa na yao anayeshughulikia jinsi ya kuondoa floraidi katika maji ya ziwa moja la magadi kaskazini mwa Kenya. Wangapi duniani wanaandika juu ya maji hayo? Hata makala yake ikiwa kamilifu, atakaoweza kumnukuu ni wachache, kwa sababu wanaohitaji jibu lake si waandishi wa makala. Ni wachotaji wa maji.

Hapo tumefika ziwani. Ziwa Turkana ndilo ziwa kubwa la kudumu la jangwani kuliko yote duniani. Linapokea maji na halina mto unaoyatoa, hivyo jua hula maji na kuacha chumvi. Zaidi ya asilimia 80 ya maji yanayoingia huletwa na Mto Omo kutoka Ethiopia, nao humwagika karibu na Todonyang, kwa hiyo ukali wa maji hupungua kaskazini na kuongezeka kadiri mtu anavyoelekea kusini. Katika chumvi zilizobaki imo floraidi, kwa kiwango kinachopita mara kadhaa ule ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mji wa Lodwar una nafuu, kwa maana visima vyake viko kandokando ya Mto Turkwel. Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ipo tangu 1992, hutegemea visima virefu, na baadhi yake vina floraidi kupita kiasi. Mwaka 2013 ulimwengu uliambiwa kwamba bahari ya maji matamu imegunduliwa chini ya ardhi ya Lotikipi, kaskazini mwa Kakuma. Tukashangilia. Kufikia 2015 uchimbaji wa majaribio ulikuwa umeonyesha kwamba maji hayo yana chumvi nyingi mno kwa kunywa. Taarifa ya kwanza ilizunguka dunia nzima. Ya pili iliwafikia wachache.

Mwalimu yeyote aliyefundisha katika maeneo yenye floraidi nyingi anaijua alama yake: meno ya mtoto yenye madoa meupe, kisha ya hudhurungi, kisha yenye vishimo. Mtoto anayajua pia, ndiyo maana hucheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Mtu akinywa maji hayo miaka mingi kwa wingi, mifupa nayo huathirika, viungo vikakakamaa na mgongo ukapinda. Na wanafunzi wanaosoma makala hii wakumbuke jambo moja lenye manufaa: kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani floraidi hubaki, hivyo kila bilauli huzidi kuwa na floraidi.

Kwa nini meno na mifupa? Jino na mfupa vimejengwa kwa madini ya kalsiamu na fosfati yaitwayo apataiti, na madini hayo hupenda floraidi. Huikamata ikipita na kuiingiza ndani ya umbo lake. Ndicho kinachomdhuru mtoto, na ndicho kinachoweza kumwokoa. Ukichukua mfupa wa ng'ombe, ukauchoma kwa joto la kadiri ya nyuzi 400 hadi 500 bila hewa nyingi, ukauponda na kuusafisha, unapata mkaa wa mifupa ambao bado una ile apataiti. Pitisha maji juu yake, nao utaikamata floraidi kabla haijafika kwenye jino. Mfupa wa mnyama aliyekufa hufanya kazi ambayo vinginevyo ingefanywa na jino la mtoto aliye hai. Sijui mfano mzuri kuliko huu wa kumweleza mwanafunzi elimu ya maada ni nini.

Wala si ndoto. Karibu na Arusha kipo kituo cha Ngurdoto kilichoshughulikia jambo hili kwa miaka mingi, na huku Kenya Dayosisi ya Kanisa Katoliki ya Nakuru ilitengeneza na kusambaza machujio ya mkaa wa mifupa katika Bonde la Ufa. Fauka ya hayo, mifupa ni kitu ambacho Turkana haijawahi kupungukiwa, hasa baada ya ukame uliodumu tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwanzoni mwa 2023 na kuangamiza mifugo kote kaskazini.

Basi tatizo liko wapi? Ukisoma makala nyingi za uondoaji wa floraidi utaona kwamba majaribio hufanywa kwa maji yaliyotayarishwa maabara: maji safi yaliyotiwa chumvi moja ya floraidi, hali ya magadi ikiwa imesawazishwa, vuguvugu la maji likidhibitiwa. Matokeo huwa mazuri. Jedwali hupendeza. Jarida hukubali, wenzake wananukuu, h inapanda. Lakini maji ya Ziwa Turkana hayakutayarishwa na mtu. Yana magadi mengi, nayo magadi hushindana na floraidi katika kushika nafasi juu ya mkaa, hivyo chujio lililosifiwa maabara huchoka mapema mno ziwani. Aidha, maji ya Todonyang hayafanani mwaka mzima, kwa kuwa Omo hupanda na kushuka, na tangu bwawa la Gibe III lilipozinduliwa mwaka 2016 mapito yake yamebadilika. Yapo mambo mengine yasiyoingia katika jedwali. Mifupa isiyochomwa vizuri huyafanya maji yanuke, na iliyochomwa kupita kiasi hupoteza nguvu. Chujio hujaa likahitaji kubadilishwa, na lazima awepo wa kujua limejaa, maana floraidi haina rangi wala harufu. Tena wapo waumini ambao hawatakunywa maji yaliyopita juu ya mfupa wa mnyama wasiyejua alichinjwa vipi, na hilo linahitaji mazungumzo ya adabu wala si mhadhara.

Mtafiti anayeamua kuyakabili haya yote atatumia miaka 3 kupata makala moja, na pengine makala yenyewe itasema kwamba jaribio lilifaulu nusu. Mwenzake aliyebaki mjini ataandika 12 katika muda huo huo kwa kubadilisha kidogo kidogo aina ya mkaa. Fomu za kuombea cheo zitakapofunguliwa, ni nani atakuwa profesa? Tusijidanganye, vijana wetu wanaona, na wanajifunza haraka kuliko tunavyowafundisha. Wanajua pia njia za mkato: kunukuliana kwa mapatano ya marafiki, na kulipia nafasi katika majarida ya kibiashara ambayo hayakatai kitu ila hundi isiyo na fedha.

Mfano wa mtu aliyechagua njia nyingine tunao hapa jirani. Askwar Hilonga, aliyekulia kijiji cha Gongali karibu na Karatu, Tanzania, alisoma hadi uzamivu huko Korea Kusini katika uhandisi wa kemikali na maada za nano, akarudi kufundisha katika Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia iliyoko Arusha. Alikuwa na makala zake katika majarida kama wasomi wengine. Angeweza kuendelea hivyo mpaka kustaafu. Badala yake alichukua chujio la mchanga, ambalo mafundi wa vijijini wanalifahamu, akaliongezea maada za nano zinazoweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa mahali husika, uwe vijidudu, metali au floraidi. Mwaka 2015 akawa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi, iliyotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, pauni 25,000. Kinachonivutia zaidi ya fedha hizo ni lile neno "kulingana na mahali". Humo ndani mna kukiri kwamba maji ya Karatu si maji ya Todonyang, na kwamba mwanasayansi hawezi kulijua hilo bila kwenda kuyachota. Mwanakijiji anayekunywa kutoka chujio hilo hamnukuu Hilonga popote. Kunywa kwake hakuingii katika faharasa yoyote.

Upo upande mwingine wa hesabu hii, nao unaniudhi zaidi: si mara ngapi tu, bali nani huhesabiwa. Kwa hili Todonyang haina haja ya kwenda mbali, kwa sababu Nariokotome iko ufuo ule ule, kusini kidogo. Huko mwaka 1984 Kamoya Kimeu, mzaliwa wa Ukambani ambaye hakufika mbali katika masomo ya darasani, alikiona kipande kidogo cha fuvu katikati ya changarawe za rangi ile ile, mahali ambapo macho ya kawaida yangeona mawe matupu. Kikawa mwanzo wa kufukuliwa kwa kijana wa miaka milioni 1.5 hivi, mifupa ya mtu wa kale iliyokamilika kuliko yoyote ya umri huo. Makala iliyotangaza ugunduzi huo katika jarida la Nature mwaka 1985 ilikuwa na waandishi 4: Brown, Harris, Leakey na Walker. Jina la Kimeu halikuwamo miongoni mwao. Kila ilipotajwa tangu hapo, mnukuzi alihesabu majina hayo 4. Kwa mizani yetu ya leo, mtu aliyeona zaidi kuliko wote katika bonde lile alikuwa na h ndogo mno kuajiriwa kuwa mhadhiri msaidizi. Ni kweli kwamba hakusahauliwa kabisa: jamii moja ya nyani wa kale iliitwa Kamoyapithecus, na mwaka 2021, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, Chuo Kikuu cha Case Western Reserve cha Marekani kilimtunuku shahada ya heshima. Marekani, sikusema Nairobi.

Lakini tazama kilichotokea miaka 30 baadaye. Mwaka 2011, huko Lomekwi, kusini mwa Nariokotome, kikosi cha Sonia Harmand kilipata zana za mawe za miaka milioni 3.3, za kale kuliko zote zilizojulikana. Aliyeziona ni Sammy Lokorodi, Mturkana wa kikosi hicho. Makala ilipotoka katika Nature mwaka 2015, jina la Lokorodi lilikuwa miongoni mwa waandishi. Hakuna aliyepungukiwa. Jarida halikushuka hadhi, wala hoja za kisayansi hazikudhoofika. (Nikiruhusiwa kutoka nje ya mada kidogo: waliotengeneza zana zile walichagua mawe makubwa ya volkano, basalti na fonoliti, mengine ya kilo 15, wakaacha yaliyokuwa madogo. Elimu ya maada ilianzia Turkana. Sisi tumechelewa tu kuirudisha nyumbani.)

Tangu 2017 Lodwar ina chuo chake, kilichoanzishwa kama chuo kishiriki cha Masinde Muliro. Taasisi ya Bonde la Turkana nayo ina kituo Turkwel. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliahidi hazina ya utafiti asilimia 2 ya pato la taifa, ahadi ambayo bajeti zetu hazijawahi kuikaribia. Ningependa fedha hizo zidaiwe kwa sauti kubwa, ila sitaki zifike Lodwar zikiwa zimefungwa pamoja na mizani ile ile. Najua hoja ya wapinzani: kazi ya uwandani haipimiki, na pasipo kipimo upendeleo utarudi. Siafiki. Chujio hupimika vizuri kuliko makala. Siku lilipofungwa inajulikana, floraidi iliyoingia na iliyotoka inajulikana, kaya zinazolitumia baada ya mwaka zinahesabika, na jopo la wataalamu kutoka chuo kingine linaweza kusafiri likathibitisha. Safari ni ngumu, nakubali, barabara ya Todonyang haina huruma na magari ya wageni. Lakini tunapeleka wajumbe mbali zaidi ya hapo kwenda kusikiliza hotuba hotelini. Wasomi wa nchi zilizoendelea wenyewe walikwisha kuonya, katika Azimio la San Francisco lililoandaliwa 2012, kwamba namba za majarida zisitumiwe kuhukumu thamani ya mtafiti mmoja mmoja. Kwa nini sisi tushikilie vazi ambalo mwenyewe analivua?

Walimu wa sekondari nao wasingoje chuo kikuu. Darasa la kemia Lodwar, Kakuma au Lokitaung linaweza kuweka daftari la maji: kisima gani, mwezi gani, kipimo gani, likishirikiana na maabara yenye vifaa. Daftari la miaka 5 la wanafunzi lingemfaa mtafiti wa maada kuliko makala 50 za maji ya maabara, na atakapolitumia awataje kama Lokorodi alivyotajwa.

Kwa wakuu wa vyuo nina ombi moja. Fomu za kupandishia vyeo zitakapochapishwa upya, baada ya ukurasa wa machapisho na idadi ya kunukuliwa uongezwe ukurasa mwingine wenye maswali haya: maji yaliyojaribiwa yalichotwa wapi, aliyeyachota ni nani na jina lake limeandikwa wapi, na je, baada ya mwaka mmoja chujio lilikuwa bado linafanya kazi?